Kifungo, Alama Mbili

Alfajiri Gikomba twalipasua belo kwa kisu cha mkate
na harufu ya nchi za baridi, dawa na kabati,
yatupanda puani.
Wenye mtaji huchagua kamera.
Mimi huokota kinachobaki, tunachokiita fagia,
nikakikung'uta, nikakitundika.

Kitabu cha Mwalimu Mukhwana chasema si belo.
Ni robota. Robota la nguo.
Miaka tisa nimelilipia mkokoteni
sikujua lina jina la mtihani.

Nina miaka thelathini na mmoja. Nimejisajili
mtahiniwa binafsi, karatasi za Novemba,
kwa pesa za jaketi mbili za ngozi
na mkopo wa chama.

Kila kikadi cha bei nimekipa pande mbili:
huku mia mbili, huku "thurea";
huku hamsini, huku "tita".
Jana msichana wa chuo akapindua kikadi cha blauzi ya kijani,
akasoma, "Shibli. Hii ni kampuni ya wapi?"
Nikamwambia ni mtoto wa simba.
Akalipa bila kubishana.

Akelo wa kibanda cha pili hunitahini wateja wakipungua.
"Syombua! Tofautisha fua na vua."
Fua ni Jumapili yangu yote.
Vua ni yule bwana wa juzi, aliyejaribu suruali
katikati ya njia, mchana kweupe.
"Hiyo si maana, huo ni umbea," asema,
lakini ananipa alama.

Jumatano, darasa la jioni, ukumbi wa kanisa Shauri Moyo,
taa moja ikipepesa,
Mwalimu akaandika ubaoni:
Tunga sentensi moja kubainisha maana mbili za neno "kifungo".
Kinyozi aliyekaa nyuma akauliza ni alama ngapi.
Mbili, akajibiwa.

Mutunga, ndugu yangu, alikwenda kortini
na shati jeupe nililomchagulia mwenyewe, kamera halisi.
Kifungo cha tatu kilimdondoka mlangoni.
Nikakiokota, nikasema, ukirudi jioni nitakishona.
Kingali ndani ya mkebe wa sindano,
cheupe, matundu manne.
Kile kingine ni cha miaka mitatu, Kamiti,
na hakuna mkebe wa kukitia.

Niliandika:
Mama alikuwa akishona kifungo cha shati mwanawe alipohukumiwa kifungo.
Hapakuwa na mama. Hapakuwa na kushona.
Mwalimu akatia vema mbili kwa wino mwekundu,
akasimama kidogo mezani pangu
kama aliyesahau kitu,
akaenda kwa kinyozi.

Siku ya kuwaona wafungwa, Mutunga haulizi habari za nyumbani.
Anauliza, "Leo umeleta neno gani?"
Nikampa thurea, kundi la nyota.
Akalirudia mara mbili, akilionja.
"Humu taa haizimwi usiku," akasema.
"Nipe jingine."
Nikampa kifungo, na sentensi yangu yote.
Akacheka hadi askari akageuka.
"Na kinyume chake?"

Kwa kitenzi najua, hata usingizini: funga, fungua.
Kwa nomino nimepekua kitabu mbele na nyuma,
ukurasa wa vinyume umeniruka.
Nikamuuliza Akelo, naye amebana pini mdomoni,
anapima pindo la gauni la mtu.
"Kinyume cha kifungo? Tundu,"
akasema, bila kuinua kichwa. "Kitapita wapi kingine?"

Nikafurahi. Nikakata kadi mpya, nikaandika "tundu",
nikageuza niandike bei,
ndipo nikakumbuka kuku wa shangazi kule Mwala,
na kile walichofungiwa usiku,
na kinavyoitwa.

Akelo ananitazama sasa. "Vipi, nimekosea?"
Mteja anauliza shati hili ni ngapi.